Matawi ya Juni Kwenye Picha ya Septemba

—Vua hicho kidude usoni, Raili, tucheze.

—Sivui.

—Sasa nicheze na nani, na macho?

—Macho yana kasoro gani? Mwezi mzima uliopita ulikuwa unayasifia.

Wanawake waliojipanga ukutani wakaziba midomo kwa viganja, maana cheko lilikuwa limewafika kooni. Ensio alisimama mbele ya Raili mkono ameunyoosha, viatu amevipiga rangi mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yavyo. Taa ya ukutani iliandika WANAUME, yaani zamu ya wanaume kuchagua. Na katika ukumbi wa Kaislaranta, pale ukingoni mwa ziwa, mtu akikuchagua huchomoi. Unacheza naye nyimbo mbili, anakurudisha mahali alipokutoa, mnashukuriana, basi. Kumkatalia mtu dansi mbele za watu ni aibu itakayosimuliwa hata siku ya mazishi yako, tena kwa sauti kubwa kuliko mahubiri.

—Nyimbo mbili nacheza, Raili akasema. Lakini barakoa inacheza pamoja na mimi.

Ensio akatazama kushoto, akatazama kulia. Ukumbi ulijaa wastaafu wa wilaya nzima, Jumapili ile mchana, na barakoa ilikuwa hiyo moja tu. Ilionekana kama mtu kaingiza ng'ombe kanisani.

—Raili, tumechanjwa mpaka mikono imekuwa chujio. Korona imekwisha!

—Imekwisha? Mpiga kodiani wetu yuko wapi leo?

—Ana mafua.

—Na wale watatu tunaofanya nao mazoezi ya majini, nao mafua? Mji mzima umeanza kukohoa tena, wewe tu ndiye hujasikia.

Ensio akamsogelea, akashusha sauti.

—Jumapili ijayo tunafunga msimu wa dansi. Kwenye valsi ya mwisho nina swali nataka kukuuliza. Swali kubwa. Sasa swali kama lile nitauliza kitambaa?

Swali lenyewe Raili alikuwa analijua. Mji wao ni mdogo kiasi kwamba Ensio alipoingia kwa sonara, habari zilitoka dukani kabla yake. Raili alikuwa mjane wa miaka mingi, amefikisha sitini na saba, na wiki nzima alikuwa akijibu lile swali mbele ya kioo, kila siku kwa sauti tofauti.

Lakini akasema:

—Kama unaniuliza mimi, utauliza nilivyo.

Ule mkono ulionyooshwa ukageuka taratibu kama mlingoti wa kreni, ukaangukia kwa Marjut, mjane wa mwoka mikate, mwenye viatu vyekundu. Marjut alikuwa ameshaanza kucheza kabla hajashikwa.

Raili alitoka nje, akajifungia ndani ya gari lake, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa. Haikupita muda kioo kikagongwa.

—Umeniaibisha, Ensio akasema.

—Nani kamwacha mwenzake ukutani?

—Mimi nakupenda uso mzima, mwanamke we. Kosa langu liko wapi?

—Mama yangu ana miaka tisini na moja. Naishi naye nyumba moja, namwogesha, namlisha. Ule ugonjwa ulipompata msimu wa baridi, usiku nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayekokota meza sakafuni. Sitaki kuisikia tena ile sauti. Ndiyo maana navaa.

Ensio akakuna kidevu. Alikuwa dereva wa malori ya magogo maisha yake yote, mtu wa kufunga mzigo na kuondoka. Maneno mengi yalimchosha.

—Haya, nifanye nini?

—Jumatano njoo unywe kahawa na mama. Lakini ujipime kwanza, unitumie picha ya kipimo.

—Nikipima nikawa mzima, Jumapili utavua?

—Pima kwanza. Mengine nitafikiria.

Ensio akacheka, akalipiga busu paa la gari.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Ujumbe:

"Nimepima. Mstari mmoja tu! Mzima kama trekta la dukani. Naja na keki."

Picha ikafuata: kipimo cheupe juu ya ngazi ya nyumba yake, mstari mmoja mwekundu. Raili akaibusu simu. Akapaka rangi ya midomo, akatandika kitambaa cha meza cha sikukuu, akaanza kuimba.

—Nini tena? Umeshinda bahati nasibu? akauliza mama yake, Hilja, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

—Ensio amepima, mama! Ni mzima!

—Lete nione.

Bi Hilja alikuwa na kioo cha kukuzia maandishi ambacho alikipenda kuliko wajukuu zake wawili. Akakiweka juu ya simu, akainama, akakaa hapo kimya mpaka Raili akadhani kasinzia.

—Raili, mwanangu.

—Naam, mama.

—Mlangoni kwa huyu bwana kuna nini?

—Ngazi.

—Pembeni ya ngazi.

Raili akatazama. Pande zote mbili za mlango yalisimama matawi mabichi ya ule mti wa shina jeupe, majani yake ya kijani kibichi kama saladi. Matawi hayo hukatwa na kusimamishwa mlangoni siku moja tu ya mwaka, sikukuu ya katikati ya kiangazi, mwezi wa Juni. Yakifika siku tano yamekauka, watu wanayawashia moto wa sauna, bafu lao la mvuke.

—Dirishani hapo, Bi Hilja akaendelea, majani ya leo yana rangi gani?

—Manjano, mama.

—Na wewe miaka yote ile ulikuwa konda wa treni, ukikamata watu wenye tiketi za jana! Leo umepitisha tiketi ya mwezi Juni, tena umeibusu.

Kengele ya mlango ikalia.

Raili alifungua mlango upana wa kiganja. Ensio alikuwa pale na tai, keki ya maziwa mkononi, tabasamu la kutosha watu sita.

—Karibu yangu iko wapi?

—Hii picha umepiga lini?

—Asubuhi hii.

—Asubuhi hii mlangoni kwako ni Juni?

Tabasamu likaanza kuondoka, upande mmoja kwanza, halafu wa pili.

—Raili...

—Nakuuliza! Majani ya nchi nzima yamegeuka manjano, kwako yamechipua?

—Ni picha ya zamani. Nilipima siku ile kwa sababu ya binti yangu. Lakini mimi mzima! Nitazame! Koo linakwaruza kidogo tu, ni vumbi la kupasua kuni.

—Koo linakwaruza. Na ukaja kukaa mezani na mama.

—Nilitaka tu tusigombane!

—Ungeniambia, "Raili, mambo ya kujichoma pua yamenishinda." Ningekuwekea kahawa barazani, ungekunywa na koti lako, tungecheka. Lakini umenidanganya usoni, Ensio. Uso mzima, kama unavyopenda. Nenda.

Mlango ukafungwa. Ensio akaiweka keki kizingitini, akaondoka kichwa kimelala.

—Iingize, Bi Hilja akaita kutoka ndani. Keki imekosa nini?

—Mama, ameibeba yeye!

—Haya, mpe paka.

Keki ikaenda kwa paka, na mjini wapo wanaoapa kuwa paka yule alikohoa wiki nzima na kuvaa shali. Mimi shali sikuliona.

Saa ya chakula cha jioni ilikuwa haijafika simu ikalia. Raili akaiacha. Ikalia tena. Akaipokea mara ya tatu ili apate kuikata vizuri.

—Usikate, sauti ya Ensio ikasema. Nimepima. Safari hii kweli.

—Matawi ya mwezi gani?

—Raili, ni mistari miwili.

Raili akakaa juu ya sanduku la viatu, likabonyea.

—Rudia.

—Miwili. Minene kama reli. Nilirudi nyumbani na hasira, nikasema nipime nimwonyeshe yule mwanamke. Nikajionyesha mwenyewe. Raili, kama mama yako asingeyaona yale matawi... ningemuua kwa keki.

Raili alisikia mtu mzima, dereva wa malori, akipenga kamasi kwa huzuni.

—Kwa nini lakini? akamuuliza. Kitambaa tu! Kwa nini unakichukia hivyo?

—Sikuwahi kukuambia habari za Maire.

—Mkeo? Uliniambia alifia hospitali.

—Alifia hospitali mwaka ule wa kwanza, walipokuwa hawamruhusu mtu kuingia. Mimi nilisimama nje kwenye theluji, nikampungia mkono kupitia kioo. Na yeye ndani kavishwa barakoa. Nilimwona macho tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatabasamu au analia. Wewe ukija ukumbini macho tu, mimi naona kile kioo. Si kisingizio. Nakuambia tu.

Raili akajikuta ameishika simu kwa mikono miwili.

—Marjut kanipigia, Ensio akaendelea. Eti meza dawa ya kikohozi uje kufunga msimu, siku hizi nani anapima? Nikamwambia ni mistari miwili na Jumapili nilicheza naye dansi mbili za tango. Akakata simu kama imemuunguza. Sitakuja, Raili. Valsi ya mwisho nitaisikilizia hapa gatini kwangu, upepo ukiwa mzuri. Na swali langu... basi, nalo litakaa.

—Kunywa maji mengi, Raili akasema, akakata. Kisha akalia mpaka sanduku la viatu likalowa.

Bi Hilja alimwacha alie, halafu akagonga meza kwa kile kioo chake.

—Umemaliza? Sasa sikiliza. Leo asubuhi alidanganya ili moyo wako uingiwe na furaha. Mchana amesema kweli, na hakuna aliyemlazimisha. Angekohoa kimya kimya, nani angejua?

—Mama, angekuua!

—Ndiyo. Na hilo nitamkumbusha kila sikukuu mpaka nife kwa jambo lingine. Lakini na mimi nina neno langu. Nyinyi wawili mnanigombania kama sanduku la vyombo vya udongo. Huyu anasema mama, yule anasema mama. Nani ameniuliza mama nataka nini?

—Unataka nini?

—Nataka kwenda dansi.

—Mama!

—Nivalishe barakoa, uniweke barazani penye upepo, unifunike mablanketi. Nina miaka tisini na moja, Raili. Sitaki kufa kwa keki ya mtu, na sitaki kufa kwa kutazama ukuta.

Jumapili ikafika na jua kali la baridi, ziwa limetulia kama chai kwenye sahani. Bi Hilja aliingia Kaislaranta akisukumwa kama malkia, kitambaa usoni, darubini shingoni. Na nani alikuwa wa kwanza kuwapokea? Marjut, katika viatu vyekundu na barakoa nyekundu ya kulingana navyo.

—Marjut! Na wewe?

—Nimepima kila siku tangu nimpigie yule shetani, Marjut akasema kwa sauti iliyozibwa. Mstari mmoja, lakini siamini hata kivuli changu. Lete kiti, nitamsukuma mama mimi.

Ndani dansi ilikuwa imepamba moto. Wengine walicheza bila kitu usoni, wachache wamevaa, mmoja amevaa kidevuni ili awaridhishe wote. Madirisha yalifunguliwa, jambo ambalo halijawahi kutokea Kaislaranta mwezi wa Septemba. Raili alisimama ukutani. Ng'ambo ya ghuba aliiona nyumba ya Ensio, gati ya mbao, na mtu ameketi juu yake amejifunika blanketi.

Taa ya ukutani ikabadilika: WANAWAKE.

Kiongozi wa bendi akainamia kipaza sauti.

—Mabibi, zamu yenu ya mwisho ya mwaka huu. Tango moja, halafu valsi ya kufungia. Chagueni vizuri!

Wanaume wakajinyoosha, wakavuta matumbo ndani. Raili akauacha ukuta. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akawapita wote hadi mlangoni, akatoka, akashuka ufukweni moja kwa moja, akafungua kamba ya mashua ya mlinzi wa ukumbi.

—Jamani, anakwenda wapi? mtu akauliza.

—Anakwenda kuchagua! Bi Hilja akapiga kelele kutoka barazani. Yuko kule!

Ukumbi ukamwagika nje. Raili alipiga makasia akiwa ameupa mgongo uelekeo wake, hivyo aliwaona wote wakibanana kwenye baraza, mpaka, wanasema, upande ule wa jengo ukazama kidogo na samaki wakaruka nje kuangalia kulikoni.

—Raili! Ensio akasimama gatini, blanketi likaanguka. Usije! Nina ugonjwa!

—Simama hapo hapo! Raili akaishikilia mashua, maji mapana yakiwa katikati yao. Sikuulizi afya. Taa imewaka wanawake. Nakuomba dansi.

—Dansi? Mimi huku, wewe huko?

—Nyimbo mbili. Unanikatalia mbele za watu?

Ensio akatazama ng'ambo. Aliiona wilaya nzima imesimama barazani.

—Sijawahi kumkatalia mwanamke Kaislaranta.

—Basi simama vizuri.

Na hapo Raili akafanya jambo ambalo Ensio hakulitegemea. Akaivua barakoa, akaitia mfukoni. Walikuwa nje peupe, na maji katikati ni mengi. Midomo yake ilikuwa imepakwa rangi, nyekundu, kwa uangalifu, chini ya kile kitambaa, mahali ambapo mchana kutwa hakuna aliyeiona.

—Umepaka rangi, Ensio akasema.

—Nimekupakia wewe. Nani mwingine ningempakia?

—Muziki haufiki! Bi Hilja akafoka barazani, darubini machoni. Nyie wa bendi, mnalipwa mcheze na kuta? Tokeni nje na hiyo kodiani!

Wakatoka. Kodiani ikatangulia, mikononi mwa mpigaji wa kuazima, fidla ikafuata, na tango likateleza juu ya maji mpaka gatini. Ensio akacheza peke yake kwenye mbao, mkono mmoja umeshika kiuno ambacho hakipo. Raili akacheza ameketi, mabega tu. Lakini valsi ilipoanza akasahau kwamba yuko kwenye mashua. Akasimama. Akazunguka mara moja. Mara ya pili mashua nayo ikazunguka, ikalala ubavu.

Chubwi!

—Raili! Ensio akajitosa na viatu vyake vyote.

—Rudi! Rudi juu! Usinisogelee!

—Unazama!

—Nimesimama chini, mwanamume we! Maji yako kifuani! Rudi gatini kabla sijakuzamisha mimi!

Ensio akarudi, anachuruzika. Ng'ambo watu walipiga kelele kama timu ya taifa imefunga bao, na valsi haikukatika, kwa sababu Bi Hilja alikuwa amewakataza kwa kidole.

—Swali lako, Raili akasema, meno yanagongana. Uliza haraka, maji ni ya baridi.

Ensio akatia mkono mfukoni. Akatoa pete. Akaitazama, akayatazama maji yaliyowatenganisha. Halafu akauchukua ufito wake wa kuvulia uliokuwa umeegemea gati, akaifunga pete kwenye uzi pale penye ndoano.

—Raili, utakubali kuolewa na mtu aliyekutumia picha ya Juni?

—Kwa sharti. Barakoa nitavaa nikitaka. Ukiambiwa pima, utapima. Na hutanidanganya tena, hata rangi ya soksi.

—Nakubali. Na mimi nina langu.

—Mgonjwa naye ana sharti?

—Siku nikilazwa, usinipungie kwenye kioo. Vaa vitambaa kumi, vaa hata ndoo kichwani, lakini ingia.

Maji yalikuwa kifuani mwa Raili na mengine yalikuwa yanamtoka machoni.

—Nitaingia, Ensio. Hata wakifunga mlango, nitaingia.

Ufito ukanesa, uzi ukaruka, pete ikang'aa juani na kutua moja kwa moja kwenye sweta la Raili, begani, ikanasa.

—Amemvua! Bi Hilja akatangaza barazani. Jamani, amemvua mzima mzima!

Marjut akaangua kilio, barakoa yake nyekundu ikalowa, akaomba nyingine.

Ensio alipona. Raili hakuambukizwa, wala mama yake. Walioana mwaka uliofuata, sikukuu ya katikati ya kiangazi, palepale kwenye ngazi za Ensio, kati ya matawi mawili mabichi ya ule mti wa shina jeupe. Asubuhi ya harusi, Bi Hilja akiwa bado anasukwa nywele, simu yake ikalia. Picha: kipimo juu ya ngazi, mstari mmoja, matawi ya kijani pande zote mbili.

"Mama mkwe, ni ya leo. Ensio."

Bi Hilja akaivutia kioo chake, akaitazama kwa muda mrefu, akaandika jibu kwa kidole kimoja:

"Matawi nimeyaona. Weka na gazeti la leo pembeni, ndipo nije."